Pimamaji

Zulfa kaleta swali la shule, Jumatano,
mvua ya Sheffield ikikwaruza kioo:
*Chagua neno moja. Eleza maana yake na lilikotoka.*
Amechagua neno refu la Kiingereza
ambalo mimi hulisikia redioni nikichanganya gundi ya vigae,
likipita kama gari la taka, kila wiki, siku ileile.

"Kwa Kiswahili ni nini, baba?"

Ukosefu wa usawa, nikasema.
Akacheka. "Hilo si neno, ni maneno matatu."
Kweli. Chenyewe hatukukipa jina,
tumetaja tu kisichokuwepo,
kama asemaye *ukosefu wa chumvi*
na ulimi wa kila mlaji umekwisha jua.
Nikahesabu kwa vidole vyenye saruji,
u-ko-se-fu-wa-u-sa-wa,
mizani nane, kipande kamili cha shairi,
hakuna silabi iliyozidi wala iliyopungua.
Jambo lililokwenda upogo
na jina lake limesimama wima!

Mchana ule nilikuwa Fulwood, juu kilimani,
nikibandika vigae kwa Bi Ashworth,
bafu pana kuliko sebule yetu na jiko lake.
Costel, Mromania, akanieleza wakati wa chai
kwamba neno lile ni jamaa wa lugha yake.
Warumi wa kale, alisema, waliita hivyo
uwanja tambarare, na maji yasiyo na wimbi,
kisha wakalibandika mbele kijisilabi cha kukana.
Wafaransa wakalibeba, Waingereza wakalirithi.
"Na lina pacha," akaongeza, akifuta makombo ya biskuti,
"aliyeingia kanisani. Huyo maana yake ni uovu."

Kumbe ni neno la fundi.
Nikainua pimamaji ukutani:
kipovu kikahangaika, kikatafuta kati, kikatulia.

Lile jingine hatukuligusa,
kwamba ukuta ni mmoja na vigae ni vilevile,
na yeye hulipwa mia na kumi kwa siku, mimi tisini na tano.
Bosi alipotaja bei nilijibu: sawa.

Sawa. Tulilipata kwa Waarabu likiwa na maana ya kulingana,
tukalitumia mpaka likachakaa kama kizingiti.
Sawa, nimekubali. Sawa, nimechoka.
Sawa, yaishe, nenda zako.
Nani alitufunza kuutaja usawa
kila tunapoupoteza?

"Halafu baba, kwenye hesabu neno hilohilo ni alama."
Akachora kinywa kilicholala ubavu.
"Hufunguka upande wa aliye na zaidi."
Na aliye na kidogo?
Akafikiri, kalamu mdomoni.
"Huyo anachomwa na ncha."

Basi nikalaza pimamaji sakafuni, hapa kwetu Burngreave.
Kipovu kikakimbilia mlangoni, kikang'ang'ania huko.
Zulfa akaiachia gololi kizingitini,
ikabingirika yenyewe, ikapita meza, ikapita zulia,
ikaingia chini ya kabati, tukasikia ikigonga wenzake.
"Ndiyo maana vitu vyangu vyote hupotelea kule!"
Alifurahi, kama mtu aliyempata mwizi.
Mwenye nyumba aliwahi kuniambia
nyumba za zamani zote hukaa hivyo.
Nami nikamjibu, wajua nilivyomjibu.

Akaandika: *Neno hili lilitoka kwenye ardhi.*
Akakata.
*Neno hili lilitoka kwenye sakafu.*
Daftari likaanza kuteleza kuelekea dirishani.

Nikatoa mfukoni karatasi ya mshahara,
nikaikunja mara mbili, mara nne, mara nane,
nikaisokomeza chini ya mguu wa meza.

Bado inacheza.